Miaka kumi nafuatilia My Hero Academia halafu steringi namwacha ana ratiba ya vipindi??

Wakuu salaam. Hili nililimeza zamani ila jana mdogo wangu kamaliza kuisoma, kanirudishia simu hasemi kitu, katulia kama dakika mbili hivi, kisha ananiuliza "bro, ndo imeisha hivyo?" Basi hasira zangu zote za Agosti 2024 zimerudi upya, leo nazitapika hapa.

Kwa asiyeijua, hii ni manga, yaani katuni za kusoma, ya Kijapani ya Horikoshi, ilianza Julai 2014 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, imekufa ikiwa na chapta 430. Dunia ambayo watu asilimia 80 wana nguvu za ajabu ajabu, steringi wetu Deku kazaliwa mtupu, hana hata ya kuwashia kibiriti. Chapta ya kwanza kabisa anamuuliza All Might, shujaa namba moja, hivi mtu asiye na nguvu yoyote anaweza kuwa shujaa? All Might anamkatalia, tafuta kazi nyingine dogo. Muda si mrefu anamwona huyo huyo dogo anamkimbilia adui mikono mitupu kwenda kumwokoa Bakugo, ambaye kila siku anamwonea shuleni, ndo anabadili kauli na kumrithisha nguvu zake.

Shikeni hilo swali, maana mimi nimelibeba miaka yote hiyo. Tangu Manga Plus ije 2019 na kuanza kutupa chapta bure, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni nilikuwa nishajiunga bando, hata niwe msibani nitatafuta kona. Wiki nyingine mchoraji anaumwa hakuna chapta, nyingine zinashuka kurasa chache mno, sikulalamika, binadamu yule.

Tukaja kwenye vita ya mwisho. Vita imeenda miaka miwili na zaidi jamani, ngumi moja wiki tatu, ila inalipa. Deku anajitoa, anamsukumia adui mkuu Shigaraki nguvu zenyewe ili zimbomoe toka ndani, yeye anabaki na makaa tu ambayo nayo yatazima taratibu. Hapo nilisimama peke yangu nje kwa muuza chipsi nikasema DAH HUYU JAMAA KAUA. Maana ona, dogo karudi pale pale alipoanzia, mtupu, na sasa swali la chapta ya kwanza litajibiwa kwa vitendo.

Chapta 430 nafungua: imepita miaka nane.

Yaani minane! Deku ni mwalimu pale U.A., shule ya mashujaa aliyosoma mwenyewe. Na wasije watu kunipotosha hapa, ualimu sina tatizo nao, mama yangu kafundisha darasa la tatu mpaka kastaafu, najua ushujaa wa ile kazi. Mchoraji angenionyesha basi! Nionyeshe Deku asiye na nguvu akiumia, akijaribu, akigoma kukubali, akikubali. Hamna. Tunaambiwa tu kwamba wenzake wako bize, ratiba haziendani, hawaonani sana. Hawa ni watu waliokufa na kufufuka pamoja, Bakugo moyo ulisimama kweli kweli, leo wanashindwa hata siku moja ya kukaa pamoja? Na kinachouma zaidi, Hawks, shujaa mwingine mkubwa, ndoto yake toka zamani ni dunia ambayo mashujaa wana muda wa kupiga soga kwa kukosa kazi, na mwishoni uhalifu kweli umepungua. Sasa huo ubize unatoka wapi??

Halafu anatokea All Might na begi. Ndani kuna suti ya vyuma, Bakugo na darasa zima wamechanga hela miaka yote kimya kimya. Ndo hiyo Deku anarudi kuwa shujaa. Nilitaka kulia, nikaishia kukasirika. Mwanzoni kapewa nguvu na All Might, mwishoni kapewa suti na All Might. Swali limekimbiwa mara mbili! Na All Might mwenyewe, akiwa hana nguvu hata chembe, alivaa vyuma akamkabili All For One, bosi wa maadui, kwenye vita ile ile, kwa hiyo jibu lilikuwepo mezani, ni kulichukua tu.

Mambo ya Uraraka, yule msichana wa darasani anayempenda Deku, ndo sitaki hata kuyaanza. Wameyahifadhi mpaka Disemba kwenye kitabu cha 42, chapta ya nyongeza, eti ndo wanashikana mikono. Kama ulisoma ya kila wiki pole yako.

Kitu kimoja nawapa: yule bibi ambaye zamani alimpita Shigaraki akiwa mtoto anazurura barabarani, safari hii anakutana na mtoto mwingine na anamshika mkono. Kurasa chache tu, na zimenigusa kuliko ile suti yote. Kumbe mchoraji akitaka anaweza.

Wale wa "hujaelewa ujumbe" karibuni, ila msije na maneno matupu. Nileteeni ukurasa mmoja tu, MMOJA, wa ndani ya hiyo miaka nane, Deku akiwa peke yake usiku ule makaa yalipozima. Mdogo wangu kautafuta, karudi nyuma mpaka chapta 424 akidhani kuna sehemu karuka.