Acheni kudanganya watu na hiyo Incognito yenu!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Naongelea Incognito, ile hali ya faragha ya Chrome, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha Google. Hawa wanaojiita wataalamu wa IT, ukiwauliza namna ya kulinda faragha yako mtandaoni, jibu ni lilelile: "Fungua Incognito, hakuna atakayekuona." Asinione nani? Mkeo akishika simu yako kesho, sawa, hataona kitu. Wengine wote wanakuona kweupe.

Kuna jamaa ofisini kwetu alikuwa anatafuta kazi kwingine kwa kompyuta ya ofisi, kawasha Incognito, roho kwatu. Akaitwa na bosi, akawekewa karatasi mezani: jina la tovuti, saa aliyoingia, namba ya mashine. Kurasa alizosoma hazikuwemo, lakini tovuti ya ajira ikijirudia kila baada ya chakula cha mchana, bosi anahitaji ushahidi gani tena? Kwenye kivinjari historia ilikuwa tupu kabisa. Rekodi zilikaa kwenye mitambo ya mtandao wa ofisi, ambako Incognito haina ubavu.

Kazi ya Incognito ni hii tu: ukifunga madirisha yake yote, inafuta historia ya humo na vidakuzi (vifaili ambavyo tovuti huweka ili zikukumbuke) kwenye kifaa chako. Basi. Anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti) ni ileile. Kampuni inayokuuzia bando inajua umeingia tovuti gani. Faili ulilopakua limebaki kwenye simu (na hapa ndipo wengi mnanaswa, msibishe). Ukiingia Facebook humohumo kwa akaunti yako, umeshajitaja jina mwenyewe, sasa unamficha nani?

Ila wanaonitia hasira zaidi ni Google. Mwaka 2020 walishtakiwa California kwa kukusanya taarifa za watu walio kwenye Incognito, kupitia programu zao za matangazo na takwimu zilizopachikwa kwenye tovuti za watu wengine. Walalamikaji walidai si chini ya dola bilioni 5. Kesi ikaanika mazungumzo ya ndani, mhandisi wao mmoja mwaka 2018 anawaambia wenzake waache kuiita Incognito na waache kutumia ile alama yake ya jasusi, kofia na miwani. Wao wenyewe walijua! Mwaka 2024 wakamalizana: Google ifute mabilioni ya rekodi na iweke maelezo wazi zaidi. Fidia kwa watumiaji? Hata senti moja, anayetaka akafungue kesi yake. Google wakajitetea kwamba taarifa hizo hazikuwahi kuunganishwa na mtu mmoja mmoja. Haya.

Na onyo lenyewe lipo. Fungua Incognito sasa hivi usome yale maandishi chini ya kofia na miwani: tovuti unazotembelea, mwajiri au shule yako na mtoa huduma wako wa intaneti bado wanaweza kuona unachofanya. Nani anayasoma? Macho yote yako kwenye kofia.

Halafu wewe unayejiandaa kucomment "mimi natumia VPN ya bure" (programu ya kuficha anwani ya IP), kaa kwa kutulia, uzi wako unakuja.