Bei ya tiketi ipande wakati uko kwenye foleni mtandaoni: halali au wizi?

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki.

Tiketi za bendi ya Oasis zilipofunguliwa Uingereza tarehe 31 Agosti 2024, watu walishinda kwenye foleni ya mtandaoni. Zamu ikafika, tiketi ya kusimama waliyoitarajia kwa pauni 148 hivi wakaikuta 355. Mamlaka ya ushindani, CMA, ilichunguza na haikukuta mtambo unaopandisha bei papo hapo. Zilikuwa ngazi mbili tu: za bei ya chini zikiisha zinakuja za juu, na aliye kwenye foleni hajaambiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni zile zilizoitwa "Platinum". Karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida! Ukisikia jina unajiona mbele kabisa, kumbe nyingi zilikuwa eneo lilelile na wenzako wa tiketi ya kawaida, bila cha ziada.

Pandisha bei upendavyo, lakini nionyeshe kabla sijapanga foleni, na uniambie nakaa wapi. Kwa Mkapa, Simba na Yanga wakikutana, VIP A, VIP B, machungwa, mzunguko, bei zote zinatangazwa mapema. Mtu anachagua kwa mfuko wake.

— Mkuu, hapo umemsahau mlanguzi. Bei ikiwa ndogo, roboti zake (programu za kompyuta zinazonunua tiketi kwa kasi) zinazoa viti vya mbele na wewe unavikuta kwake kwa bei ya kuruka. Marekani ilizipiga marufuku roboti hizo 2016, na mwaka 2022 kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster bado ikazilalamikia kwenye mauzo ya Taylor Swift. Kama lazima nilipe 355, afadhali zimfikie msanii.

— Mbona bendi ya The Cure waliweza? Ziara yao ya Marekani 2023 walikataa bei ya kupanda, nyingine ziliuzwa dola 20, na wakazuia tiketi kuhamishwa kwa mtu mwingine pale sheria iliporuhusu. Makato ya muuzaji yalipozidi bei ya tiketi yenyewe, mwimbaji wao Robert Smith akapiga kelele hadi Ticketmaster ikarudisha dola 10 kwa tiketi za chini na 5 kwa nyingine. Tatizo wasanii wengi wanajificha nyuma ya muuzaji.

— Sawa, na nikiuguliwa siku ya tamasha, tiketi isiyohamishika nifanye kachumbari?

— Hao hao The Cure walikuwa na njia: unairudisha sokoni kwa bei uliyonunulia. Ireland tangu 2021 sheria yao inakataza kuuza kwa kuzidisha. Mlanguzi hapo atakula nini?