Riwaya ambazo "hakuna kinachotokea" mnazisomaje? Nimemaliza Peponi na Yusuf hanitoki kichwani

BintiWaWete

Assalaam alaykum jamani. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili hii, naomba tukizungumze.

Nimemaliza Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, hii iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka Mkuki na Nyota 2022. Nimeisoma msimu huu wa karafuu, mchana nakaa barazani nalinda majamvi mvua isije ikanivizia, nikishageuza karafuu narudi kwenye kitabu na vidole vyangu vile vile, mpaka kurasa za katikati zimeingia madoa na kitabu kizima kinanuka karafuu. Siku moja mume wangu akaniuliza, hiyo inahusu nini mana naona huachi. Nikamwambia kuna mtoto wa miaka 12, Yusuf, wazee wake wanamtoa aende na tajiri Aziz anayemwita ami, kumbe si amiye hata kidogo, kawekwa rehani kwa deni la babake. Anakaa dukani, anakua, anakwenda na msafara bara, anarudi. Akanambia alafu? Nikasema basi. Akasema sasa hapo pana nini?

Nikakosa jawabu na imeniuma, kwa sababu mie naona pana kila kitu.

Nitasema ukweli wangu. Mie nilitolewa Pemba nikiwa darasa la nne nikapelekwa Unguja kwa shangazi, Ng'ambo huko, nisome. Hakuna aliyenambia nakwenda kwa muda gani. Babaangu alinishika mkono kutoka Mkoani mpaka tunashuka bandarini, akanifikisha mlangoni, akanywa chai, akaondoka. Usiku ule nikapewa kanga iliyokunjwa mara nne niifanye mto, nakumbuka ilikuwa ya rangi ya zambarau na ule mkunjo wake ulinichora shavuni, asubuhi nikaoneshwa fagio lilipo. Sikupigwa, sikunyimwa chakula, na skuli nilikwenda. Lakini miaka yote ile nilikuwa naishi nyumba ya watu kama mtu anayesubiri kuitwa, na sijawahi kupata maneno ya kulieleza jambo hilo mpaka nilipofika pale Khalil anapomwambia Yusuf kuwa yule si ami yako. Niliifunga ile karatasi nikaenda kugeuza karafuu ambazo nilikuwa nshazigeuza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, mnaweza kunipinga. Riwaya inayobebwa na mtu inakuwa nzuri pale mwandishi anapokubali mhusika wake anyamaze. Yusuf haongei sana, wenzake ndo wanaomuongelea, kila mmoja anamuona anavotaka yeye, na weye msomaji unabaki unamtazama tu. Sasa nikirudi kwenye hizi riwaya za sehemu kwa sehemu tunazosoma kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu ya 12 mke kafumania, ya 13 kapewa sumu, ya 14 kumbe pacha wake, wallahi nasoma mpaka usiku wa manane lakini ukiniuliza mwezi ujao yule mwanamke alikuwa anapenda nini au anaogopa nini sikwambii, sijui. Nimejua aliyofanyiwa, yeye mwenyewe sikumjua.

Swali langu, nyie wenzangu mnahitaji mkasa ndo msome, au mtu peke yake anatosha? Na kama ipo riwaya nyengine ya Kiswahili yenye mtu wa namna hii nitajieni.

Msomaji_Mkunazini

Waalaykum salaam dada. Mie nitakupinga kidogo, usichukie. Bila mkasa mie sifiki ukurasa wa thelathini, na sioni kama ni upungufu. Mtu namjua kwa anayoyatenda, sasa kama hatendi nitamjuaje? Peponi niliianza nikaiacha pale kwenye msafara, siku zinakwenda watu wanaumwa wanalipa hongo kwa masultani wa njiani, nikaona mbona hatufiki.

Mie nimelelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Marehemu babu alikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale, chapa ya zamani imekatika jalada, ile riwaya imetoka 1960 na mpaka leo mtu akiianza haachi mana anataka ajue nani kaua. Lakini hebu fikiria, nshasahau muuaji nani, sijamsahau Bwana Msa na kiko chake na namna anavomsumbua rafikiye Najum kwa maswali. Kwa hiyo mkasa haumuui mhusika kama unavosema, mkasa ndo unaomtoa ndani tukamuona. Tatizo la hizo za WhatsApp si kuwa zina visa vingi. Tatizo ni kuwa ukimtoa mwanamke wa sehemu ya 12 ukamtia wa riwaya nyengine hakuna kitakachoharibika.

Mwl_wa_Michenzani

Mkunazini umesema kweli hapo mwisho, hicho ndo kipimo, mtu asiyeweza kubadilishwa na mwengine.

Mie nasomesha Kiswahili na naomba niseme kitu kuhusu skuli. Tunawafundisha watoto mhusika bapa (asiyebadilika), mhusika duara (anayebadilika), mhusika mkuu, mhusika msaidizi, alafu taja sifa nne za fulani kwa mifano. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) wanaisoma kidato cha tano na cha sita, na mtoto anaweza kukuandikia Mwajuma ni mkarimu, mcheshi, mpenda anasa, ana msimamo, akapata alama zake zote, na hamjui Mwajuma. Mwaka mmoja nikaacha daftari nikawauliza swali moja tu. Yasmin kamkimbia mumewe mzee Raza, jamaa zake wamemfungia mlango, huyo yuko kizingitini kwako Ng'ambo, binti wa Kihindi, huna kitu, chumba chenyewe kimoja, na majirani wanatazama. Ungemfungulia? Jamani kipindi kilikwisha hatukufika popote. Kuna kijana wa kiume akasema yeye hamfungulii, ataleta maneno mtaani. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye mwaka mzima sikuwahi kumsikia sauti, akasimama akasema Mwajuma alimfungulia kwa sababu na yeye alikuwa hana mtu. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote nilionao, na naamini ndo sahihi.

Kwa hiyo BintiWaWete hiyo moja nakutajia, ingawa ina visa tele, siasa ya miaka ya hamsini, Denge na wenzake na harakati zao. Usimfuate Denge, mfuate Mwajuma. Denge kwangu mie ameandikwa awe mfano, karibu kila analolifanya liko sawa. Mwajuma kaandikwa awe mtu. Na ukitaka mtu mbaya aliyeandikwa vizuri rudi kwenye Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980. Yule Maksuudi anavomfungia bintiye Maimuna ndani ya nyumba kwa jina la heshima, na huku nje yeye mwenyewe hana heshima. Nilipoisoma kijana nilimchukia moja kwa moja. Nimeirudia saivi nina mabinti wawili, nimeona woga wake, na kuuona woga wa mtu unayemchukia kunaumiza zaidi.

UmmuHanan

Nafichua mwisho wa Peponi hapa, ambaye hajasoma aruke.

Mie niko Uingereza mwaka wa tisa huu, kwetu Chake. BintiWaWete nimesoma ulichoandika kuhusu ile kanga ikabidi niweke simu chini kwanza.

Kuna watu wananambia mwisho wa Peponi mbovu, Yusuf anawakimbilia askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, bila sababu. Kwangu mie ndo ukurasa wenye maana kuliko zote. Kawaona wale askari walivyo, hakuna aliyemdanganya kuwa ni watu wazuri, na bado anakimbia kuwafuata. Mkunazini unasema mtu unamjua kwa anayoyatenda, haya huyu katenda, hebu niambie umemjua? Mie nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikasema anakimbia utumwa. Ya pili nikasema anaukimbilia utumwa mwengine. Ya tatu nikaona kuwa mtu aliyekuwa anapelekwa tu maisha yake yote, mara ya kwanza anayoamua mwenyewe haiwezi kuwa nzuri, mana hajawahi kufundishwa kuamua.

Na kama Kiingereza kinapita, Gurnah ametoa nyengine 2025, Theft, ni ya kwanza tangu apewe Nobel 2021. Vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, kati ya Dar na Unguja wakati utalii unaanza kushika. Badar mtumishi wa nyumba, anasingiziwa wizi, na mwandishi hampi hata hotuba moja ya kujitetea. Karim ndo alinitia uchungu. Kijana msomi, mpole, anamsaidia Badar kwa moyo safi, alafu taratibu ukurasa kwa ukurasa anageuka, mtoto akilia anakasirika, mkewe anamuona mzigo, anaingia kwa mwanamke mgeni aliyekuja kujitolea. Hakuna siku moja utakayosema hapa ndo kaharibika. Nawajua wanaume hawa, na nikitazama nyuma hata kwao sikuijua siku.

Mtunzi_Kijana

Mie ni mmoja wa wanaoandika hizo za WhatsApp, sijachukia, nimesoma zote mpaka mwisho.

Naomba mjue tunavoandika. Mtu anasoma kwenye daladala, bando lake dogo, sehemu moja haizidi dakika tano, na asipoachiwa kitu mwishoni kesho harudi. Mwaka jana nikajaribu. Mwanamke kapewa talaka asubuhi, na sehemu nzima nikaandika anaosha vyombo tu. Anaosha kikombe cha mumewe, anakiweka, anakichukua anakiosha tena. Basi, hakuna aliyeingia mlangoni wala simu haikulia. Kwenye grupu wakaniuliza mbona leo hujamaliza, wengine wakatoka. Lakini mama mmoja akanipigia, hakuniambia jina, akasema "mwanangu kile kikombe umekijuaje", akakata simu.

Sikuandika tena vile kwa sababu ile ndo riziki yangu. Ila nimesoma hapa nikawaza niirudie hata sehemu moja kwa wiki.

Msomaji_Mkunazini

Mtunzi, hiyo ya kikombe nitumie, hiyo nitaisoma. Na UmmuHanan umenirudisha kwenye Peponi, naanzia pale pale kwenye msafara nilipoiacha.

BintiWaWete

Ahsanteni sana, kila mmoja wenu. Mwalimu, huyo msichana wa nyuma mfikishie salamu zangu kama bado unaonana nae. Mtunzi, andika mdogo wangu, na mie niongeze kwenye hilo grupu.

Sikuwaambia kitu kimoja. Shangazi yangu saivi ni mtu mzima, macho hayaoni vizuri, na juzi alinipigia kuuliza khabari za karafuu, nikajikuta namuelezea hiki kitabu. Akasema nisomee. Basi kila usiku namrekodia voisi dakika kumi kumi, yeye anasikiliza Unguja baada ya Isha. Jana nilimaliza pale Yusuf anapoambiwa kuhusu deni. Alikaa muda mrefu hajajibu, alafu ikaja voisi yake fupi, anauliza, "Na mamake? Hakumfuata?"

Nimeisikiliza mara nyingi. Leo nikishafunika majamvi namrekodia nyengine.