Ati mashine ya kukamulia ng'ombe! Huyu MC leo kanikuta

Fundi_Waya:
Wakuu, naandika nikiwa nje ya ukumbi, shati lina ukwaju mpaka kola. Simtaji, mnamjua. Yule MC wa suti ya zambarau, anayemwita kila mtu "bosi wangu" mpaka watoto wa chekechea. Kama kuna send-off mjini hapa hajaiharibu, basi hakualikwa.

Mashine yangu ni ya kuchanganya juisi, nimeiunda kwa mikono yangu, mpaka mke wangu akaanza kunikaribisha sebuleni kama mgeni. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, pampu za volti 12, mabomba ya silikoni. Programu ni CocktailBerry, ni huria, unaipakua bure. Unaiambia kila pampu inatoa kiasi gani kwa sekunde, unaingiza mapishi, mengine inajihesabia. Na zile pampu rola zake zinaminya bomba kwa nje, juisi haigusi chuma hata tone! Unagusa skrini tu: ukwaju, nanasi, tangawizi, glasi hiyo. Shangazi wa bibi harusi kaonja, kaomba nyingine.

Mara MC huyo, anatafuta pa kuchajia simu. Kachomoa waya WANGU. Glasi ikiwa nusu! Nakimbilia, bomba likafyatuka, ndiyo huu ukwaju. Badala ya kuomba radhi kashika maiki: "Jamani, nani kaleta mashine ya kukamulia ng'ombe? Mbona maziwa yamekauka?"

Ukumbi mzima! Na DJ akapiga mlio wa ng'ombe. Kwanza DJ anatembea na mlio wa ng'ombe kwa kazi gani??

Kinyozi_Msomi:
Mmmoooooo 😂😂

Mama_Pilau:
Pole mwanangu. Ila weka picha, bila picha hii ni chai.

Fundi_Waya:
Mama, picha ya nini wakati naitwa mkamua ng'ombe mbele ya mkwe? Mkwe mwenyewe kacheka mpaka akashika meza.

Mzee_wa_Volti:
Kijana, hasira weka pembeni. Raspberry Pi ukiikatia umeme ghafla wakati inaandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kufa. Betri ya akiba hukuweka? Kwa kuendesha pampu tu Arduino, kile kibao kidogo cha kuendeshea vifaa, ingekutosha, unachomoa, unachomeka, inaendelea na maisha. Tena jina la Arduino limetoka kwenye baa ya Ivrea, Italia, walipokuwa wanakutana wale walioianzisha. Hiyo ndiyo ina damu ya vinywaji.

Fundi_Waya:
Kwa hiyo mzee mwenye kosa ni mimi? Aliyechomoa nani? NG'OMBE, mzee. Kwenye maiki!

Kijana_wa_Tandale:
Swali la kitaalamu mkuu. Hiyo mashine inakamua na mbuzi?

Dada_Sukari:
Mimi nilijaribu kitu kama hicho nikaweka na soda. Msithubutu. Pampu zinatoa povu tupu, ni kama unafua. Soda mimina kwa mkono, mashine iachie juisi. Na juisi ya embe uichuje haswa, nyuzi zake zinaziba bomba.

Kinyozi_Msomi:
Dada nawe umekuja kufundisha, mwenzio analia.

Mama_Pilau:
Kwani juisi kitu gani. Mimi nimechangia kadi ya watu wawili, nafika na mzee wangu tunapewa kiti kimoja, nyuma ya spika. Pilau nimepata, nyama nimeiona kwa jirani.

Kijana_wa_Tandale:
Mama, ukumbi huo huo?

Mama_Pilau:
Huo huo. Kamati walikuwa na sahani zao chini ya meza, zimefunikwa kwa foili.

Fundi_Waya:
Jamani, tunazungumzia MC hapa.

Mjumbe_Hazina:
Mimi nilikuwa kamati. Zile sahani zilikuwa za wapiga picha. Na mama, kadi yako uliimalizia? Maana daftari ninalo.

Mama_Pilau:
Daftari gani wewe? Wapiga picha sahani kumi na mbili? Walikuja na ukoo? Nilituma kwa simu, meseji ninayo, subiri nivae miwani.

Kinyozi_Msomi:
Wakuu sogeeni, nimeleta karanga.

Mjumbe_Hazina:
Nasubiri meseji.