Miaka mitatu kijijini Korea Kusini na mpaka leo mifumo yao haitaki kulikubali jina langu

Wakuu salaam. Leo sina nguvu ya kupamba maneno, nimerudi na basi la saa 11:40 jioni, mtoto kalala mgongoni, na shughuli niliyoiendea haijafanyika. Hii ni mara ya nne. Nne! Kwa kitu ambacho mama mwingine yeyote hapa anakimaliza kwenye simu huku anangoja wali uive.

Kwa wasionijua, mimi ni Mzanzibari, nimekulia pwani ya mashariki ya Unguja, nimeolewa na Mkorea na tunaishi kijijini Jeolla Kusini, kule chini kabisa baharini. Mnaoijua Korea ya kwenye tamthilia na magorofa, huku sio huko, huku ni mashamba ya vitunguu saumu, bahari na wazee. Mtoto mdogo kijiji kizima ni huyu wangu. Mume wangu yuko kwenye kazi ya gim, ule mwani mweusi wanaoukausha wakafungia wali, msimu wake ni huu wa baridi, anatoka na boti kabla hakujakucha na akirudi vidole vimekufa ganzi. Mimi mwani naujua, mama yangu kalima mwani miaka yangu yote ya utoto, kwa hiyo sina neno na mtu asiyepokea simu akiwa baharini.

Sasa sikilizeni. Mtoto aanze chekechea mwezi wa 3, ndio mwaka wao wa shule unapoanza. Ada ya watoto wadogo serikali inalipia, ila inapita kwenye kadi ya mzazi, na kadi unaiomba kwenye simu. Unaingia, unajaza, halafu inakuja ile hatua ya kuthibitisha kuwa wewe ni wewe: andika jina, namba ya kitambulisho cha mgeni, namba ya simu, utatumiwa tarakimu uziingize. Hapo ndipo mimi naishia. Taarifa hazilingani. Kila siku taarifa hazilingani.

Hazilingani kwa nini? Kwa sababu jina langu ni langu, la baba na la babu, kama Mzanzibari mwingine yeyote, hatuna jina la ukoo la kuweka mbele. Pasipoti ikalichukua jina la babu ikalifanya ndio la ukoo, kitambulisho changu cha huku kikaanza nalo, sawa. Nilipokwenda kusajili laini, kijana wa duka akayaandika yote matatu yameshikana bila nafasi. Benki nao waliacha nafasi lakini kisanduku kikaisha kabla jina halijaisha, wakakata herufi nne za mwisho. Jina la Mkorea kawaida ni silabi tatu, moja ya ukoo na mbili zake, fomu zote zimekatwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo kwenye kompyuta zao mimi ni wanawake watatu tofauti na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kumwandikisha mtoto wake chekechea!

Na msifikiri ni kitu cha mara moja. Huku kuthibitisha jina ni kila mahali, kununua kitu mtandaoni, kutuma pesa, kuangalia bima. Mwaka 2020 walikiondolea hadhi yake ya pekee kisheria kile cheti chao cha zamani cha kidijitali cha kuthibitisha jina, watu walichokuwa wanakilalamikia, lakini vilivyokuja badala yake karibu vyote vinashikilia namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Jina likiandikwa vibaya dukani siku ya kwanza, umekwisha.

Haya, nenda karekebishe. Rahisi kusema. Basi letu linapita mara 4 kwa siku, saa 12:50 asubuhi, 4:20, 8:30 mchana na 11:40 jioni ndio la kurudi la mwisho. La kwanza siliwezi na mtoto kwenye baridi hii, kituoni hakuna hata ukuta. Nikichukua la 4:20 nafika mjini kwenye saa 5, benki tawi lile wanafunga saa 6 mpaka saa 7 kwa chakula, na saa 10 wanafunga kabisa. Benki wananiambia jina lao ni sahihi, tatizo ni laini, nenda dukani. Dukani wananiambia laini haina shida, rudi benki. Narudi benki napewa namba foleni imeshakuwa ndefu, nafika dirishani naambiwa lete karatasi kutoka uhamiaji. Uhamiaji haiko mji ule, iko mji mwingine, saa moja na nusu kwa basi kubwa, na kwenda lazima uweke miadi mtandaoni, na kuweka miadi mtandaoni lazima nini? Uthibitishe jina. Mnaona ninavyozungushwa?

Kuna teksi za won 100 huku Jeolla Kusini tangu 2014, kama shilingi mia mbili za kwetu, kitu kizuri sana na wazee zimewaokoa. Lakini ni kwa vijiji vilivyo mbali na kituo cha basi. Sisi kituo tunacho, tena mita chache kutoka nyumbani. Basi ndilo hatuna.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni maneno ya leo. Yule dada wa dirishani, kwa upole kabisa, kaniambia "kwa nini usichukue tu jina la Kikorea, mambo yangekuwa mepesi." Na kabla ya hapo alikuwa ameshasema, njoo na mumeo. Mwambie mumeo. Mumeo yuko wapi. Mimi mtu mzima nimezaa, natunza nyumba, nimekaa usiku mpaka nimeweza kusoma fomu zao kwa lugha yao, halafu kila dirisha naulizwa mume yuko wapi kama mzigo uliopotelewa na mwenyewe.

Jina langu kanipa bibi yangu mzaa baba, ndilo alilokuwa akiitwa mama yake. Wakorea wenyewe mwanamke akiolewa habadilishi jina, mama mkwe wangu mpaka leo anatumia la ukoo wa baba yake na hakuna anayemwambia alikate liingie kwenye kisanduku. Mimi ndio niliache?

Na nisieleweke vibaya, wanakijiji sina tatizo nao. Huku mabibi wanaitana kwa pale mtu alipotoka kabla ya kuolewa, wanataja kijiji chako halafu wanaongeza "daek", na mimi wiki ya kwanza tu walishaniita Tanjania-daek na wakanikatia kimchi ndoo nzima. Ijang, mwenyekiti wetu wa kijiji, mara mbili kanipeleka mjini na gari lake la mizigo bila kuchukua hata won moja, na yeye ana miaka sabini na kitu. Ninaowalaumu ni waliotengeneza hizi fomu na wanaokaa nazo miaka yote wakiona watu wanarudishwa.

Maana sio mimi peke yangu. Mfilipino mmoja kijiji cha jirani ana majina manne, kaacha kabisa, kila kitu chake kiko kwa jina la mume, akaunti, laini, kila kitu. Mume akifa au wakiachana atakuwa na nini? Vijiji hivi vimejaa wake wa kigeni, Vietnam, Kambodia, Ufilipino, na hadi Machi 2018 mke mgeni alikuwa hata haonekani vizuri kwenye karatasi ya wakazi wa nyumba yake mwenyewe, mtoto anaonekana kama analelewa na baba tu. Nchi inalia haina watoto, mwaka 2023 uzazi ulishuka mpaka wastani wa mtoto 0.72 kwa mwanamke, wanamwaga hela mtu azae. Nimezaa! Huyu hapa mtoto! Nipokeeni fomu yake basi.

Waliopo Korea mnisaidie. Kuna aliyeweza kufanya laini na benki ziandikwe jina sawasawa na kitambulisho, herufi kwa herufi, na alianzia wapi, dukani au benki? Na karatasi ya uhamiaji inaweza kuombwa ofisi ndogo ya kata badala ya kusafiri? Anayejua aandike hapa hapa. Alhamisi ninapanda tena la 4:20.