Mrejesho: feni ya mashine ya gemu imepona
Jamani narudi na mrejesho, niliuliza kwanini mashine yangu ya gemu hapa Malindi inajizima ikichezwa nusu saa hivi. Mlisema feni, na kweli ni feni. Nimefungua nyuma, haizunguki kabisa na waya zimeota kutu ya kijani, hii hewa ya chumvi inakula shaba vibaya sana. Nimetia feni mpya ya 12V, milimita 120, na waya mpya, nyekundu chanya nyeusi hasi, viungo nimevilehemu nikafunga tepu. Na muangalie mshale ubavuni mwa feni, unaonyesha upepo unakoenda, mimi nataka joto litoke nje. Jana watoto wamecheza toka alasiri mpaka maghribi haijazima hata mara moja, ahsanteni sana