Chumba na sebule, mizigo ya ukoo mzima: naanzia wapi?

Mama Shani, Mbagala
Habari za jioni wadau. Tunakaa chumba na sebule, mimi, baba Shani na watoto wawili. Tungeenea vizuri tu kama vitu vyote vingekuwa vyetu. Kivunguni kuna mabegi matatu ya shangazi kaja, ya shemeji aliyehamia Mwanza. Alisema anayaacha wiki moja. Wakati huo nina mimba ya Shani, na Shani sasa yuko darasa la pili. Nyuma ya mlango kuna cherehani mbovu ya mama mkwe. Juu ya kabati, TV ya chogo ambayo baba Shani kila siku "anaipeleka kwa fundi". Nikitaka kadi ya kliniki ya mdogo wake Shani, napekua mpaka jasho. Mitandaoni wananiambia ninunue maboksi ya kupangia vitu. Hayo maboksi yenyewe niyaweke wapi jamani?

Mzee wa Tandika
TV iende kwa mtu wa skrepa kesho asubuhi. Hata ikipona utatafuta king'amuzi, maana analojia Dar ilizimwa Desemba 31, 2012.

Tausi
Mzee, usimponze mwenzio, TV ni ya mume. Mama Shani, anza na mabegi. Piga simu ya video, yafunguliwe shemeji akiona, aseme kimoja kimoja: hiki nitumieni kwa basi, hiki gaweni. Ila usipige wewe. Apige mumeo, ni ndugu yake. Ukipiga wewe itaonekana umewachoka wakwe.

Karani Mstaafu
Kadi ya kliniki, vyeti vya kuzaliwa na mkataba wa pango viweke kwenye mkoba mmoja wa zipu, utundike msumarini chumbani. Risiti za mashine zinafutika wino, kwa hiyo ile ya friji itoe kopi kabla waranti haijaisha. Mengine ni vumbi tu. Na madumu usiyatupe, hata yakiziba njia.

Mama Shani, Mbagala
Madumu siyagusi, kwa mgao huu wa maji! Mkoba nimeshaupata, ule wa kitchen party. Cherehani naiacha: mama mkwe anakuja Idi, asipoiona nitahamia mimi Tandika kwa Mzee. Baba Shani anaongea na mdogo wake saa hizi. Mpaka sasa wako kwenye mpira, mabegi hayajatajwa.

Tausi
Kaa hapohapo pembeni yake.